Vijana wanaolala nje Kirumba: msaada upo, ila kila mtu anatoa kivyake. Nani atukalishe pamoja?

Mama wa Mwaloni

Habari zenu wana jukwaa. Mimi ni mama ntilie, napika jirani na soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Naandika kwa ajili ya vijana wanaolala kwenye vibaraza vya maduka, upande wa pili wa barabara ninapopikia. Baadhi yao nawajua tangu walipokuja wakiwa watoto wa darasa la tano, la sita. Leo wameota ndevu na bado wanalala palepale, juu ya salfeti, turubai moja watu wanne.

Wametoka Sengerema, Geita, Ukerewe, Maswa, wengine Shinyanga. Ukikaa nao jioni utasikia: mama kafariki, baba kaoa, kipigo kila siku, au alikuja na mjomba kambini kuvua, mjomba akahama akamwacha. Mchana wanabeba ndoo za dagaa, wanaanika, wanasukuma mikokoteni, wanapakia magunia kwenye malori yanayokwenda Kongo. Kwa hiyo wanaosema hawa hawataki kazi waje wakae hapa kuanzia alfajiri wajionee. Kazi wanafanya. Pa kulala hawana, karatasi hawana, na hawana mtu wa kusema "huyu ni wetu".

Nieleze jambo moja ambalo aliye mbali na ziwa hawezi kulijua. Kazi ya Mwaloni inafuata mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikishika, wavuvi wa dagaa hawashuki ziwani, ndoo hazipo, na vijana hawa hawashiki hata mia mbili. Siku hizo ndizo wanakuja bandani kwangu kuomba ukoko. Siku hizo ndizo utasikia simu imekwapuliwa stendi. Na siku hizo ndizo msako unapita usiku, wanabebwa kwa uzururaji, hata yule aliyekuwa amelala tu. Giza likirudi, aliyeachiwa anarudi kwenye ndoo.

Sasa njoo kwenye msaada. Msaada upo, sisemi haupo. Kanisa moja huleta wali Jumapili. Msikiti huleta pilau baadhi ya Ijumaa. Wanafunzi wa chuo huja Desemba na nguo. Shirika moja linachukua watoto, ila ukitimiza miaka 18 unaambiwa mradi haukuhusu tena. Hakuna hata mmoja anayemuuliza mwenzake. Nimeona magari matatu ya chakula yamefika mwisho wa wiki mmoja, katikati ya giza, vijana wana hela zao mfukoni, wali unabaki kwenye madeli. Mbalamwezi ikaja, hakutokea mtu.

Halafu kuna huyu kijana wangu wa miaka 19. Mwaminifu mno. Nikimpa elfu hamsini apeleke kwa wakala, anarudi na risiti. Nilimtafutia nafasi kwa fundi wa kuchomelea, na fundi akakubali, ila vifaa vyake ni vya gharama, akasema kijana alete kitambulisho cha Taifa. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa na barua ya mtaa. Mtaani wakasema hana nyumba hapa, hawamtambui. Tukauliza kuhusu cheti, tukaambiwa aende alikozaliwa. Akaenda. Kule wakamwambia alete mzazi. Mama yake alishazikwa, baba hamjui kwa sura. Tukizungushwa hivyo, nafasi ikachukuliwa na mwingine.

Na kuna mpaka ambao vijana wenyewe hawaujui. Kirumba iko Manispaa ya Ilemela. Kijana huyohuyo kesho analala Makoroboi au Mlango Mmoja, kule ni Jiji, wilaya ya Nyamagana. Nikiulizia ofisi ya upande mmoja naambiwa hao ni wa upande wa pili.

Maswali yangu ni haya. Nani kwa mujibu wa taratibu anatakiwa kutuita wote, kanisa, msikiti, mashirika, wafanyabiashara na serikali ya mtaa, tukae meza moja? Wawili kati yao hawajafika 18, niwasaidieje bila kuonekana nimeteka mtoto wa mtu? Na huyu wa 19 apite mlango gani? Naomba majibu ya watu wanaojua. Pole za mdomo wamezipata za kutosha.

Afisa Mstaafu

Mama, hongera. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii kwenye halmashauri mpaka nilipostaafu, nitakujibu kwa ninayoyajua.

Nianze na hao wawili, maana wao wana haraka zaidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, na kifungu cha 94 kinaipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa watoto walio ndani ya eneo lake. Soma tena hayo maneno: walio ndani ya eneo lake. Hakisemi waliozaliwa humo, wala wenye nyumba humo. Mtoto akilala Kirumba, usiku huo ni wa Ilemela. Akihamia Makoroboi, ni wa Jiji. Ofisi ikikwambia "huyo si wetu", uliza kwa upole kama mtoto huyo leo amelala wapi, halafu omba jibu kwa maandishi.

Usimchukue ukakaa naye kwako kimyakimya, na usikubali mtu mwingine amchukue hivyo, hata awe mtu wa dini. Nenda kwa afisa ustawi wa kata, mtoto aandikiwe jalada. Kutoka hapo kuna njia za kisheria: kutafuta ndugu na kumrudisha kwa maandalizi, malezi ya kambo kwenye familia iliyochunguzwa, au makao ya watoto kama hakuna namna nyingine. Ofisi ikiwa mbali au imefungwa, piga 116, ni simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Na akikamatwa kwenye msako, kimbilia Dawati la Jinsia na Watoto la polisi ukaseme umri wake mapema. Mtoto asichanganywe na watu wazima.

Kuhusu kumrudisha nyumbani naomba nisisitize, kwa sababu hapa ndipo nguvu nyingi hupotea. Nauli si kumrudisha mtoto. Ukimpandisha basi la Maswa bila mtu kwenda kwanza kuona nani yuko nyumbani na kwa nini alitoroka, atakuwa Nyegezi stendi kabla mwezi haujaisha. Lazima mtu aende, akae na baba, akae na mama wa kambo, aone mtoto atalala wapi, atasoma wapi, kisha arudi tena baadaye kuangalia.

Swali la nani awaite. Chombo kipo tayari, msiunde kingine. Chini ya MTAKUWWA, ule mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulioanza mwaka 2017/18, kila mtaa na kila kata inatakiwa kuwa na kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto. Ndani yake wanaingia mtendaji, ustawi, polisi, afya, elimu na viongozi wa dini. Kamati nyingi zinalala kwa sababu hakuna anayeziletea jambo. Wewe lete jambo. Mwandikie mtendaji wa kata, omba kikao kimoja tu chenye ajenda moja. Na kwa kuwa vijana wanavuka mpaka, omba barua hiyo nakala yake iende kwa maafisa ustawi wa halmashauri zote mbili.

Kijana wa 19 nitarudi kwake, naona simu inaisha chaji.

Duka la Pembeni

Mimi nina duka Kirumba na mlango wangu ndio wanalala. Nasema ukweli wangu bila kumchukia mtu. Asubuhi nafagia kinyesi. Kufuli langu limevunjwa. Mteja mwanamke akipita wanamwita majina. Mama, ukiwalisha wewe unaonekana mwema, mimi ninayelipa kodi ya fremu nabaki na hasara. Na wanavyojua kuna wali, wanaongezeka. Kwa nini hao wanaoleta chakula wasiwachukue wakae nao makwao?

Mwana Igogo

Ndugu yangu wa duka, kinyesi unachofagia ni kwa sababu choo cha kulipia kinafungwa usiku. Hilo ni jambo la kuongea na mwenye choo, na ni dogo kuliko unavyodhani. Nakuambia kwa sababu nimelala nje mimi, miaka, kando ya mto Mirongo na baadaye Makoroboi. Sasa nina karakana ndogo ya vitanda vya chuma.

Wengi mnaosaidia hamjui kwamba hela ya mtu anayelala nje haivuki usiku. Ukilala nayo, wakubwa wanakupekua. Ukikataa, unachomwa na sigara au unachapwa wembe. Kwa hiyo ukipata elfu saba kwenye dagaa, unahakikisha imekwisha kabla hujalala. Utakula chipsi, utaangalia mpira kwenye banda, utanunulia wenzako. Watu wazima wanatutazama wanasema hawa hawana akili ya kutunza. Akili ipo, mahali pa kutunzia ndipo hapakuwepo. Na laini ya simu nayo siku hizi haisajiliwi bila namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha Taifa, kwa hiyo hata kuweka kwenye simu huwezi, labda kwa laini ya mtu, na huyo mtu siku moja anatoweka nayo.

Mimi aliyenitoa ni mama mmoja wa kuuza uji. Alikuwa na daftari. Kila jioni nampa elfu moja, elfu mbili, anaandika mbele yangu, nami naweka alama ya kidole. Sikuwa najua kusoma vizuri ila namba nazijua. Ilipofika kiasi, akaniuliza nataka nini. Nikasema chumba.

Chumba chenyewe kilikuwa Igogo, juu mlimani kwenye mawe, bei rahisi kwa sababu ya kupanda. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi mitatu mbele na mtu wa kunidhamini. Yule mama akasimama. Tuliingia watatu. Naomba mjue hili pia: siku za mwanzo sikuweza kulala ndani. Mlango ukifungwa roho inakwenda mbio, kimya kinanitisha, nikawa natoka nalala kizingitini. Mwenye nyumba akadhani navuta kitu. Mama wa uji akapanda mlima kuja kumweleza. Bila yeye kupanda siku ile, tungefukuzwa na nyie mngesema "tuliwapa chumba wakakikataa".

Kwa hiyo anayetaka kusaidia asiishie kwenye kodi. Awepo mtu wa kupanda mlima wiki ya kwanza, na ya pili, na ya sita.

Mama wa Mwaloni

Duka la Pembeni, ndugu yangu, nimekusoma na sikupingi kuhusu hasara. Kufuli lako naliamini. Ila angalia ulivunjiwa lini, na mwezi ulikuwaje. Mimi naona kwa macho yangu kwamba vijana wale wale wanaobeba mizigo yako siku za giza ndio wanaogopwa siku za mbalamwezi. Na wanaokuja usiku kuiba, wengine wana nyumba zao na wake zao, wanajua lawama itaangukia waliolala kibarazani. Kama ungekubali kukaa nasi kikaoni ningefurahi kuliko akija mtu anayenisifu, kwa sababu kero yako ndiyo kero ya mtaa mzima na wewe unaisema wazi.

Kuhusu kuwachukua nyumbani, nina vyumba viwili na watoto wanne. Nisingeandika hapa kama ningeweza.

Mwana Igogo, Mungu akuzidishie. Daftari naanza kesho.

Wa Eastleigh

Salamu kutoka Nairobi. Nimefuata huu mjadala na naona mnafika mahali ambapo kwetu tulifika zamani kidogo. Undugu Society, ile taasisi iliyoanzishwa 1973 na padri Mholanzi Arnold Grol, ilianza na watoto wa mtaani, lakini baadaye wakaona hawa wakubwa hawawezi kuingizwa kwenye makao ya watoto. Wakawaendea pale pale kwenye maskani zao, kila maskani ikawa chama, wenyewe wanachagua mwenyekiti na mweka hazina, wanaweka akiba, wanaandikisha chama chao. Railway Children, shirika la kusaidia watoto wa mtaani, walichukua mfano huo wakaufanyia kazi huko kwenu Mwanza, kwa hiyo uliza, kuna watu hapo hapo mjini wanaojua namna unavyokwenda.

Faida yake nitaisema kwa ufupi. Askari akimkuta kijana mmoja usiku, ni mzururaji. Akikuta chama chenye mwenyekiti anayejulikana na chifu, mazungumzo yanabadilika. Mashirika nayo yanakuwa na mlango mmoja wa kubisha badala ya kugawa mikate kwa yeyote anayepita.

Afisa Mstaafu

Nimerudi. Nimefurahi kuona Nairobi imetaja vyama vya maskani, na nitaunganisha na sheria. Uzururaji unatoka Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 176 na 177, mabaki ya sheria za mkoloni. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko hapo Arusha, ilitoa maoni ya ushauri tarehe 4 Desemba 2020 kwamba sheria za namna hiyo zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha. Ni ushauri, si hukumu, kwa hiyo usiende kituoni kugombana nao. Lakini kwenye kikao cha kata, mbele ya mkuu wa kituo, una haki kabisa ya kulitaja na kuomba kwamba kabla ya msako mwenyekiti wa vijana apigiwe simu.

Sasa kijana wa 19. Usianze na mzazi, anza na shule. Alisoma mpaka darasa la ngapi, wapi? Hata kama hakumaliza, jina lake liko kwenye daftari la uandikishaji, na pale kuna tarehe ya kuzaliwa na jina la mlezi. Mwalimu mkuu anaweza kumwandikia barua. Pili, kama alibatizwa, parokia ina kitabu, na vitabu vya parokia havipotei kirahisi. Kadi ya kliniki ikipatikana, bora zaidi. Hizo ndizo karatasi za kupeleka RITA, wakala wa serikali unaotoa vyeti vya kuzaliwa, kwenye usajili wa waliochelewa. Ukishapata cheti, kitambulisho kinafunguka, laini inafunguka, fundi anafunguka.

Barua ya mtaa nayo inawezekana. Nimeona wenyeviti wakiandika pale mkazi anayefahamika anaposimama na kijana na kusema, namjua, anafanya kazi kwangu, nitawajibika. Nenda na mtu mwingine mmoja mwenye heshima mtaani.

Na wakishakuwa na vitambulisho na kikundi kilichosajiliwa, kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya vijana, haina riba. Ilisimamishwa 2023 na ikarejeshwa. Lakini usianze na mkopo! Nimeona vikundi vya vijana wasio na pa kulala wakipewa pikipiki, wakaiuza ndani ya wiki kwa sababu hawakuwa na mahali pa kuilaza. Chumba kwanza.

Duka la Pembeni

Mkiitisha kikao nitakuja. Suala la choo nitaongea na mwenye nacho, ni shemeji yangu. Akikubali kiachwe wazi usiku, nani atasafisha?

Mwana Igogo

Vijana wenyewe, kwa zamu, na walipwe hata kidogo. Nitakuja kupanga zamu, nawajua wakubwa wa maskani hiyo. Na fundi wa kuchomelea akiendelea kusumbua, kijana aje kwangu. Sihitaji kitambulisho chake, nahitaji awahi saa moja.

Mama wa Mwaloni

Nimesoma nikalia, samahani. Nawapa nilipofika.

Barua kwa mtendaji wa kata nimeipeleka leo, nakala mbili kwa maafisa ustawi, Ilemela na Jiji. Amegonga muhuri wa kupokea. Nimeomba ajenda moja kama Afisa alivyosema: vijana wanaolala nje Kirumba.

Msikitini nimeongea na mzee wa kamati ya chakula. Nilimweleza habari ya giza na mbalamwezi. Wao kalenda ya mwezi wanaifuata tangu zamani, akanielewa kabla sijamaliza sentensi. Wamekubali pilau yao ihamie kati ya siku ya kumi na tatu na ya ishirini tangu mwezi uandame, na ikiwezekana iwe siku tatu badala ya moja. Kanisani paroko amesafiri, nitamsubiri. Wanafunzi wa chuo nimewaandikia kwamba nguo zipo, walete dawa ya upele na sabuni, na kama wapo wanaosomea ualimu waje jioni mbili kwa wiki kufundisha kusoma.

Wale wawili wadogo, mmoja amekubali kwenda nami kwa afisa ustawi Jumatatu. Wa pili amekataa, amesema wakimrudisha kwao atajirusha majini. Sitamlazimisha. Nitamweleza afisa hivyo hivyo alivyosema, kwa maneno yake.

Kijana wa 19 anasema alisoma Sengerema mpaka darasa la sita na alibatizwa hukohuko. Tunakwenda wiki ijayo, kazi yangu atashika binti yangu. Afisa, swali la mwisho: hiyo barua ya mwalimu mkuu iandikwe kwa nani?

Afisa Mstaafu

Kwa Msajili wa Vizazi na Vifo wa wilaya aliyozaliwa, ofisi iko kwa Katibu Tawala wa Wilaya. Mwalimu aweke muhuri wa shule na namba ya uandikishaji. Toa nakala kabla ya kukabidhi, na parokiani pitia siku hiyohiyo ili usilipe nauli mara mbili. Uliza pia majirani wa zamani wa mama yake, akipatikana mtu mzima aliyemjua tangu anazaliwa, mje naye.